Simbilisi, Mbweha na Kaburi: Undumilakuwili katika Harakati za Kutetea Wanyama Uingereza

Utangulizi

Muhula uliopita mwalimu wetu wa historia alitugawia mada za insha kwa kupiga kura. Wenzangu walipata Vita vya Maji Maji, biashara ya pembe za ndovu na ujenzi wa reli. Mimi niliangukia harakati za kutetea haki za wanyama nchini Uingereza. Sitaficha kwamba sikufurahi. Nilijiuliza, mtu aliyezaliwa Walungu, Kivu ya Kusini, ana nini cha kusema kuhusu mbwa na mbweha wa Wazungu?

Niliendelea kusoma kwa shingo upande mpaka nilipofika kwenye habari za shamba moja liitwalo Darley Oaks, katika kijiji cha Newchurch, jimbo la Staffordshire. Wenye shamba hilo walikuwa wakizalisha simbilisi na kuwauza kwa maabara za utafiti wa dawa. Kuanzia mwaka 1999 watetezi wa wanyama waliwaandama. Wengine waliandamana kwa amani langoni, lakini wengine walituma barua za vitisho, waliharibu mali na kuwatisha hata wafanyakazi na majirani. Oktoba 2004, usiku, watu walichimbua kaburi la mama mkwe wa mmoja wa wenye shamba na kuiba mwili wake. Agosti 2005 familia ile ilitangaza kwamba itaacha kuzalisha simbilisi. Mwili ulipatikana Mei 2006, na mwezi huohuo watu wanne walihukumiwa kifungo. Watatu kati yao walipewa miaka 12.

Habari hiyo ilinigusa kwa sababu mbili. Kwanza, simbilisi ni mnyama wa kwetu. Sisi watu wa Kivu tunamwita dende, na karibu kila jiko la kijijini analo. Pili, katika familia yetu lipo kaburi ambalo halijulikani lilipo. Nitayarudia mambo hayo mawili mwishoni.

Katika insha hii ninauliza swali moja: ilikuwaje harakati zilizoanzishwa kwa huruma zikafika mahali pa kufukua maiti? Jibu langu ni kwamba tatizo halikuanza na vijana wenye msimamo mkali. Lilianza zamani zaidi, pale huruma ilipoanza kuchagua nani aguswe na nani aachwe. Kwa undumilakuwili nina maana ya kupima mambo yanayofanana kwa mizani mbili. Kwa msimamo mkali nina maana ya hali ya mtu kuona kwamba, kwa kuwa jambo analolipigania ni jema, basi lolote atakalolifanya kwa ajili yake ni jema pia.

Sheria zilizoanza na maskini

Mwanzoni mwa karne ya 19, michezo ya ukatili ilikuwa mingi Uingereza. Fahali alifungwa kwenye mti na mbwa wakaachiwa wamrarue, majogoo yalipiganishwa, na dubu nao waliteswa mbele ya watazamaji. Wakati huohuo wakuu wenye mashamba walipanda farasi na kumkimbiza mbweha kwa kundi la mbwa mpaka achoke na kuraruliwa. Kwa mnyama anayeraruliwa tofauti haikuwepo. Tofauti ilikuwa kwa watazamaji: mchezo wa fahali ulipendwa na watu wa chini, na uwindaji wa mbweha ulikuwa wa watu wa juu.

Mwaka 1800 muswada wa kukataza mchezo wa fahali uliletwa bungeni ukashindwa kwa kura chache sana. Mbunge William Windham ndiye aliyeupinga kwa nguvu zaidi. Hoja yake ilikuwa kwamba si haki kwa watu wanaowinda kwa farasi na mbwa kuwanyang'anya maskini burudani yao. Hoja hii inahitaji kuangaliwa kwa makini. Windham aliusema ukweli kuhusu undumilakuwili wa wabunge wenzake, lakini hakuusema ili mbweha apone. Aliusema ili fahali aendelee kuraruliwa. Hapo tunaona hasara ya kwanza ya undumilakuwili: humpa mkatili ngao ya kujikingia.

Sheria ya kwanza ilipita mwaka 1822 kwa juhudi za Richard Martin, mbunge wa Galway huko Ireland. Iliwalinda farasi, punda, ng'ombe, kondoo na wanyama wengine wa kazi na wa mifugo dhidi ya kupigwa na kuteswa ovyo. Aliyevunja sheria alitozwa faini ya kuanzia shilingi 10 hadi pauni 5, na asiyeweza kulipa alifungwa. Walioshtakiwa wakawa hasa wachuuzi, wasukuma mifugo na waendesha mikokoteni. Martin mwenyewe aliwafikisha mahakamani baadhi yao, akiwemo mchuuzi aliyempiga punda wake.

Juni 1824 watu wachache, akiwemo Martin, Kasisi Arthur Broome na William Wilberforce aliyepigana na biashara ya watumwa, walikutana katika mkahawa mmoja wa London wakaanzisha chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Mwaka 1835 sheria mpya ilipiga marufuku kupiganisha fahali, dubu, mbwa na majogoo. Mwaka 1840 Malkia Victoria alikiruhusu chama kile kujiita cha kifalme. Mambo hayo yote yalikuwa mazuri, na sitaki msomaji adhani ninayadharau. Punda wa London walipata nafuu ya kweli.

Lakini mbweha hakuguswa. Hata sheria kubwa ya mwaka 1911 iliwahusu wanyama wanaofugwa na waliofungiwa tu, si wa porini. Wengi waliokichangia chama fedha na kukipa heshima walikuwa wa tabaka lilelile linalowinda. Katika miaka ya 1860 mwanafalsafa John Stuart Mill alikataa cheo alichopewa na chama hicho, akieleza kwamba kinashughulika na makosa ya watu wasio na nguvu na kuyafumbia macho ya wenye nguvu. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Huko Uingereza mkuki ulikuwa mchungu ukiwa mkononi mwa mchuuzi, na mtamu ukiwa mkononi mwa bwana wake.

Mtu aliyeanza na nafsi yake

Katika historia hii yote, mtu aliyenivutia zaidi ni Lewis Gompertz. Alikuwa Myahudi wa London na mvumbuzi wa mitambo. Alikataa kula nyama, maziwa na mayai. Alikataa pia kupanda gari la kukokotwa na farasi, jambo lililomaanisha kutembea kwa miguu katika mji mkubwa kama ule. Mwaka 1821 alitengeneza muundo bora wa baiskeli ya wakati huo ili watu wawe na chombo kisichomtesa farasi. Mwaka 1824 alichapisha kitabu kuhusu hali ya wanadamu na wanyama, ambamo alipinga matumizi ya wanyama kwa namna iliyowazidi wenzake wote.

Broome alipofungwa kwa sababu ya madeni ya chama, Gompertz alichukua kazi ya ukatibu na kukiokoa chama kisife. Lakini mwaka 1832 viongozi walipitisha azimio kwamba chama kimejengwa juu ya misingi ya Kikristo tu. Myahudi hakuwa tena na nafasi. Gompertz akajitoa na kuanzisha chama kingine.

Ninaliona tukio hili kuwa muhimu kuliko sheria zote nilizozitaja. Chama kilichohubiri kwamba punda anastahili huruma kilishindwa kumvumilia katibu wake kwa sababu ya dini yake. Na mtu huyo ndiye aliyekuwa na msimamo usioyumba kuliko wote. Wapo wanaoweza kumwita Gompertz mwenye msimamo mkali kwa sababu ya chakula chake na miguu yake iliyochoka. Mimi sikubali. Gharama ya imani yake aliilipa mwenyewe. Hakumtisha mtu wala hakuchoma nyumba ya mtu. Ukali wake aliuelekeza kwenye nafsi yake.

Nani alianza fujo?

Kabla ya kufika kwenye vikundi vya karne ya 20, ni haki niseme kwamba fujo hazikuwa za upande mmoja. Mwaka 1903 watetezi wa wanyama walidai kwamba mbwa mmoja wa rangi ya kahawia alipasuliwa akiwa hai, bila dawa ya kutosha ya ganzi, mbele ya wanafunzi katika chuo kikuu kimoja cha London. Mwanasayansi aliyehusika, William Bayliss, alikanusha, akafungua kesi ya kashfa na kushinda. Mwaka 1906 sanamu ya ukumbusho wa mbwa yule ilijengwa katika mtaa wa Battersea. Wanafunzi wa udaktari walikasirika. Mwaka 1907 walijaribu kuivunja, na Desemba mwaka huo mamia yao walipambana na polisi katikati ya London. Mwaka 1910 sanamu iliondolewa.

Hapa wenye fujo walikuwa vijana waliosomea kuponya watu, na wenye subira walikuwa watetezi wa mbwa. Kwa hiyo si kweli kwamba kumpenda mnyama kunamfanya mtu awe mkali. Watetezi wengi, tangu wakati huo hadi leo, hawajawahi kumdhuru mtu yeyote.

Kutoka subira hadi moto

Mwaka 1924, miaka 100 kamili baada ya kuanzishwa kwa chama cha kwanza, baadhi ya wanachama waliochoka kungoja walianzisha umoja mwingine wa kupinga michezo ya ukatili, ukiwemo uwindaji wa mbweha, kwa sababu chama kikubwa kilikuwa bado kinasitasita. Miaka 40 nyingine ikapita. Mwishoni mwa 1963 walitokea vijana walioamua kwenda porini wenyewe kuwapoteza mbwa wa wawindaji kwa kupuliza pembe na kumwaga vitu vyenye harufu kali. Walipigwa, nao mara nyingine walipigana.

Kutoka kwa vijana hao alitokea Ronnie Lee. Yeye na wenzake walianza kwa kuharibu magari ya wawindaji, na Novemba 1973 wakachoma jengo la utafiti lililokuwa likijengwa karibu na Milton Keynes. Lee alifungwa mwaka 1975. Alipotoka, mwaka 1976, alianzisha kundi lililojiita jeshi la ukombozi wa wanyama. Kundi hilo lilikuwa na kanuni kwenye maandishi: wafuasi wachukue tahadhari zote asidhurike mnyama yeyote, na mwanadamu akihesabiwa humo.

Kanuni hiyo ilikuwa nzuri, lakini wapo walioona kwamba inawachelewesha. Mwaka 1982 barua zenye milipuko zilitumwa kwa wanasiasa, akiwemo Waziri Mkuu Margaret Thatcher, na kundi lililojitaja kwa jina la wanamgambo wa haki za wanyama likasema ndilo lililozituma. Juni 1990 bomu lilitegwa chini ya gari la mwanasayansi mmoja mjini Bristol. Mwenye gari alipona, ila vipande vya bomu vilimjeruhi mtoto wa miezi 13 aliyekuwa akisukumwa kwenye kigari chake barabarani. Mwaka 2001 mkurugenzi wa kampuni ya utafiti ya Huntingdon Life Sciences alipigwa kwa mipini ya sururu mbele ya nyumba yake.

Hata wanyama wenyewe hawakupona na msimamo huu. Agosti 1998, huko Hampshire, minki wapatao 6,000 walifunguliwa kutoka shamba lililowafuga kwa ajili ya manyoya yao. Minki ni mnyama mdogo, jamii ya kicheche, naye huishi kwa kuua. Wakaingia vijijini na kando ya mito, wakaua ndege, kuku na wanyama wa nyumbani, na wengi wao waliishia kupigwa risasi au kunaswa mitegoni. Waliowafungua walihesabu uhuru wa minki. Kuku na ndege walioliwa hawakuwahesabu.

Nikiyapanga matukio haya pamoja naona kwamba wenye msimamo mkali waliikataa mizani ya wakubwa, kisha wakajitengenezea mizani yao. Wakubwa walisema maumivu ya fahali ni dhambi na ya mbweha ni burudani. Hawa wakasema maumivu ya simbilisi ni dhambi na ya mtoto kwenye kigari ni bahati mbaya. Wote walianza na mwili wa mtu mwingine. Nyani haoni kundule.

Je, mabomu yaliharakisha sheria? Sidhani. Mwaka 2000 Uingereza ilipiga marufuku ufugaji wa wanyama kwa ajili ya manyoya, na mwaka 2004 ilipitisha sheria ya kukataza kuwinda mbweha kwa mbwa, iliyoanza kutumika Februari 2005. Sheria ya mbweha ilishindaniwa kwa kura na kwa maandamano, hata Septemba 2002 zaidi ya watu 400,000 waliandamana London pamoja na wapinzani wake. Tangu fahali alipolindwa mpaka mbweha alipolindwa ilikuwa miaka 169. Kungoja kwa muda mrefu hivyo kunaeleza hasira ya vijana wale, lakini hakumfanyi mtoto wa Bristol kuwa na hatia.

Dende wetu na kaburi letu

Sasa narudi nyumbani. Nilipokuwa mdogo, bibi yangu mzaa baba, ambaye kwetu tunamwita koko, alikuwa na dende wapatao 20 jikoni. Walilala karibu na mafiga, wakala majani ya viazi vitamu na maganda ya ndizi. Kazi yangu ilikuwa kuwatafutia majani. Wakati wa vita ng'ombe wetu walichukuliwa, na baadaye mbuzi. Dende walibaki, kwa sababu mtu mwenye bunduki hapati taabu ya kumkimbiza mnyama anayejificha nyuma ya kuni, na tulipokimbia koko aliweza kuwabeba watatu au wanne kwenye kikapu. Madaftari yangu ya shule ya msingi yalinunuliwa kwa fedha ya dende. Nililia walipochinjwa, kisha nikala mchuzi. Kwa hiyo mimi mwenyewe si msafi katika jambo hili.

Wala jamii yangu si safi. Katika miaka ya 1970 Wabatwa waliondolewa katika msitu wa Kahuzi-Biega, ng'ambo tu ya vilima vyetu, ili sokwe walindwe na wageni waje kuwatazama. Hifadhi ya wanyama si kitu kimoja na harakati za haki za wanyama, lakini mizani ni ileile. Sisi Washi, majirani zao, hatukupiga kelele. Tuliwaajiri Wabatwa mashambani mwetu kwa ujira mdogo tukasema ndivyo walivyozoea. Leo tukilalamika kwamba Mzungu anamhurumia sokwe kuliko mtu, inafaa tukumbuke kwamba nasi tulichagua mtu yupi wa kumhurumia.

Vita vya pili vilianza kwetu Agosti 1998, mwezi uleule minki walipofunguliwa Hampshire. Babu yangu alitoka siku moja mwaka huo kwenda kutazama shamba la mihogo, hakurudi. Hatujapata mwili wake. Koko hutenga siku moja kila mwaka kumwombea, lakini hana mahali pa kuweka ua.

Nilipokuwa naandika insha hii nilimpigia simu nikamsimulia habari za Staffordshire. Alicheka aliposikia kwamba Wazungu wana shamba zima la dende. Niliposema kuhusu mwili ulioibwa, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na yule mama, walimrudisha?"

Nikamjibu, "Ndiyo, koko, baada ya mwaka mmoja na miezi saba."

Akasema, "Basi watoto wake wamshukuru Mungu."

Hakuuliza kuhusu dende, wala hakuuliza ni nani aliyekuwa na haki. Aliifikiria familia isiyojua maiti wao yuko wapi, familia asiyoifahamu, ya watu matajiri wa mbali. Nilitambua kwamba huruma yake haikuuliza kwanza ni ya nani.

Hitimisho

Nimeonyesha kwamba harakati za kutetea wanyama Uingereza zilileta mema mengi, lakini tangu mwanzo zilipima kwa mizani mbili kwa sababu ziliogopa kuwagusa wenye nguvu. Undumilakuwili huo uliwapa wakatili ngao, ukawachosha waaminifu na kuwatayarishia njia wenye msimamo mkali, ambao nao walikuja na mizani mbili za kwao. Aliyewazidi wote ni Gompertz, kwa sababu alichokitaka kwa wengine alikianza kwa miguu yake mwenyewe.

Kwa wanafunzi wenzangu nina pendekezo moja tunapohukumu harakati yoyote katika historia, iwe ya wanyama, ya dini au ya siasa. Tusiishie kuuliza kama lengo lake lilikuwa jema. Tuulize pia: gharama yake aliilipa nani kwanza? Nikijiuliza hivyo, naona kwamba mada niliyoipata kwa kura ilikuwa yangu tangu mwanzo.